Asubuhi Niliyopiga Reli

Wakesho mwanangu,

Umepanda mlimani kumuaga nyanya yako na hutarudi kabla ya jua kupoa, kwa hiyo nyumba imebaki na mimi na kalamu yako ya buluu, ambayo nimeitoa kwenye mkoba wako bila ruhusa. Sanduku lako liko mlangoni. Nimelipita mara nne leo, na mara zote nne nimejigonga ugoko pale pale. Kesho jioni treni itakuchukua wewe na sanduku, na kuanzia kesho kutwa nitapita hapo mlangoni bila kugonga kitu.

Sitakuandikia mambo ya sweta, wala ya kuficha nauli, wala ya kijana wa aina gani wa kuogopa. Shangazi yako amekupa maagizo ya kukutosha mpaka ustaafu. Viatu vyako vyenye soli nene kama tofali sivisemi pia. Ukianguka navyo mjini huko, utainuka mwenyewe.

Nataka kuzungumza juu ya Jumapili.

Uliposimama kanisani kuaga, ulishukuru vizuri, nikaona fahari. Halafu ukasema unakwenda kufanya kazi katika ofisi ya wafanyakazi ya kampuni kubwa, na kwamba hutasahau umetoka kwa nani. Ukasema, "Baba yangu ndiye aliyekataa kupiga reli." Watu wakapiga makofi. Mchungaji akasema amina. Mama Chao, aliyekaa benchi la tatu, alipiga makofi kuliko wote. Mimi nilikuwa nikiangalia vidole vyangu.

Wakesho, mimi niliipiga.

Nimeiandika na nimeisoma tena, na kweli ndiyo hiyo. Sasa nikueleze yote, maana kisa hiki umekijua tangu utoto kwa namna nilivyokutengenezea.

Unaikumbuka kambi kidogo. Ulikuwa na miaka minne hivi, na Uhuru ulikuwa bado mchanga. Shamba la mkonge lilikuwa kubwa hata mtu akitembea kutoka kiwandani asubuhi, saa sita ya mchana bado anaona mkonge tu mbele yake. Kulikuwa na Wadawida kama sisi, Wakamba, watu wa Kasigau, watu wa Taveta, na wengine waliokuja na lori wasijue hata walipofika. Kazi yangu mimi ilikuwa ndogo na ya ajabu. Kwenye mgunga uliokuwa mbele ya stoo kulining'inizwa kipande cha reli ya zamani, na mimi nilikuwa na nyundo. Alfajiri napiga mara ya kwanza, watu waamke. Napiga mara ya pili, watu wawe kwenye mstari. Asiyekuwa kwenye mstari baada ya pigo la pili, siku hiyo hana kazi, na akirudia anafukuzwa. Mchana nilikuwa nikifagia stoo. Watu walinitania kwamba mimi ndiye bwana mkubwa kuliko meneja, kwa sababu hata meneja haanzi kazi kabla yangu. Nilikuwa nacheka, lakini moyoni nilikuwa naamini kidogo.

Mwaka ule kiwandani waliondoa chuma cha kinga kwenye ile mashine inayosaga majani ya mkonge yatoke katani. Kinga hiyo ilikuwa inazuia mikono, lakini pia ilikuwa inachelewesha majani. Meneja alitaka majani yaende haraka. Baada ya wiki mbili mashine ilimkamata Mwanzia mkono wa kulia. Ulikatika chini ya kiwiko. Mwanzia alikuwa Mkamba mpole, mlokole, mtu ambaye hata soda aliitazama kwa mashaka kabla ya kuinywa. Siku tatu baadaye karani alitoka ofisini na karatasi iliyoandikwa kwamba Mwanzia alikuja kazini amelewa, na wenzake wawili walitakiwa waweke kidole kama mashahidi. Na kinga ilirudishwa kabla ofisa wa leba, yule mkaguzi wa kazi wa serikali, hajafika, ikapakwa rangi mpya.

Jumapili iliyofuata tulikutana kwenye mto mkavu, nyuma ya kambi. Sijapata kusikia watu wakibishana vile. Kila mmoja alikuwa na lake. Mkata majani mmoja alisema msimamizi anamkatalia mafungu yake kwa kuwa hakumpa kuku. Mwingine akasema maji ya kambi yana chumvi mpaka chai haishuki, na bustani ya meneja inamwagiliwa maji matamu ya bomba. Vijana walitaka twende ofisini moja kwa moja na mapanga yetu ya kazi. Wazee wakasema, mkishika panga mbele ya ofisi hamtamaliza kueleza ya Mwanzia, mtaeleza ya panga.

"Tugome basi!" mtu akapaza sauti.

"Tukigoma watasema tumevunja sheria," mwingine akajibu. "Wataleta polisi na lori la watu wapya, na hiyo maneno ya Mwanzia itaisha hapo hapo."

Ndipo Mama Chao aliposimama. Wakati ule alikuwa mwanamke mwembamba wa kwenye uwanja wa kuanika katani, na mtoto mgongoni.

"Nyinyi wanaume mnapiga kelele bure," akasema. "Sheria yao inasema nini? Inasema mtu akichelewa reli, hana kazi. Sasa kama reli hailii, nani amechelewa? Sisi tutakaa mlangoni kwetu, tumevaa nguo ya kazi, tunangojea reli. Ofisa akija, tumwambie, bwana, sisi tuko tayari, tunangojea reli tu. Na akiuliza kwa nini hailii, tumwambie inamngojea Mwanzia."

Watu wakaanza kucheka, cheko la watu walioona njia. Halafu wote wakanigeukia mimi. Hebu fikiria, Wakesho. Watu mia kadhaa wananitazama mimi, mfagia stoo. Mama Chao akaniuliza, "Baba Wakesho, utaweza kulala kesho asubuhi?" Nikasema nitalala kama mfu. Wakacheka tena, wakanipiga mabegani, na nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kama mtu aliyeongezewa kimo.

Mama yako hakucheka. Aliniuliza kama naogopa, nikamwambia siogopi. Nadhani wakati nikisema hivyo ilikuwa kweli.

Asubuhi yake niliamka kabla ya majogoo kama kawaida. Mwili ulikuwa umezoea. Nilitakiwa nibaki kitandani, hiyo ndiyo kazi pekee niliyopewa, kazi ya kutofanya kitu. Nikajiambia naenda kuiangalia tu, kuhakikisha hakuna mtu mwingine atakayeipiga. Nikavaa, nikatoka. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Na chini ya mgunga alikuwa amesimama meneja, mikono mfukoni, gari lake limesimama pembeni likinguruma.

Miaka tisa nilipiga ile reli na miaka yote tisa meneja aliniita "wewe wa reli". Asubuhi ile alisema, "Bwana Mwadime. Umeamka. Mtoto wako, Wakesho, hajambo?"

Nikasema hajambo, bwana.

Akasema, "Vizuri sana." Akaangalia saa yake, akaingia ndani ya gari, akaenda zake.

Ni hayo tu. Hakunitisha, hakuniahidi kitu, hakuniambia piga. Nimeyageuza maneno hayo kwa miaka kumi na mitano, na mpaka leo sijui kama yalikuwa salamu au kitisho. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilipiga kwa ajili yako, kwa kuwa alitaja jina lako. Ni uongo mzuri na ungeupenda, lakini siwezi kukuachia huo pia. Nilisimama pale peke yangu, gari limeshapotea kwenye vumbi, na nilichokisikia moyoni, mwanangu, kilikuwa furaha. Nilifurahi kwamba anajua jina langu. Hofu ilikuja baadaye. Kwanza ilikuwa furaha, na kabla haijaisha nyundo ilikuwa mkononi na reli ilikuwa inalia.

Nilipiga ya kwanza, nikapiga na ya pili. Sikungoja hata muda wa kawaida.

Halafu nikasikia milango. Watu walikuwa wamekaa wamevaa nguo za kazi kama walivyopanga, na reli ilipolia miguu yao ilifanya kama ilivyozoea. Wengine waliniambia baadaye kwamba walijikuta kwenye mstari kabla hawajakumbuka kuwa walikuwa hawaendi. Nilitupa nyundo chini, nikakimbilia nyuma ya stoo. Pale kona nikagongana uso kwa uso na Ngeti.

Ngeti alikuwa mlinzi wa stoo, mtu wa Makwasinyi huko Kasigau, rafiki yangu pekee wa kweli. Alikuwa akila kwetu siku zote za Ijumaa kwa sababu mama yako alipika maharage na yeye aliyapenda kupita kiasi. Alinitazama, akaitazama mikono yangu. Mimi nikampita, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikatokea kambini pamoja na watu wengine kama mtu aliyetoka kitandani. Na Ngeti, ambaye hakuvumilia kuona kitu cha kazi kimetupwa chini, akaenda akaiokota nyundo airudishe kwenye msumari wake. Ndivyo watu walivyomkuta, amesimama chini ya reli na nyundo mkononi.

Mimi ndiye niliyeuliza, kwa sauti, "Nani amepiga?"

Ngeti alinitazama tena. Angesema neno moja tu. Sijui kwa nini hakusema. Aliitundika nyundo, akaenda kulala, kwa kuwa zamu yake ya ulinzi ilikuwa imeisha.

Basi mambo yakaharibika kama ulivyopata kusikia, ila kwa jina la mtu mwingine. Mama Chao na wawili wengine walifukuzwa ndani ya wiki. Ofisa wa leba alikuja akakuta watu wote kazini, akanywa chai ya meneja, akaondoka. Karatasi ya Mwanzia ikabaki ikisema alikuwa amelewa. Alirudi kwao Ukambani na mkono mmoja, na barua mfukoni iliyomwita mlevi. Ngeti hakuna aliyempa moto wa kuwashia sigara. Akiingia dukani, watu wanatoka. Mwezi haukuisha, akafunga mkeka wake akarudi Kasigau, na mimi nilisimama mlangoni nikamwona akipita, wala sikutoka.

Mimi watu walinipenda. Huko ndiko kuadhibiwa kwangu, kama unataka kujua. Nikifika kwenye bao, wananipisha nikae. Kwenye harusi nakatiwa nyama nzuri. "Huyu ndiye aliyekataa." Nikawa sina wa kuzungumza naye, kwa sababu kila aliyenisogelea alikuwa anamsogelea mtu mwingine, mtu ambaye sikuwa mimi. Nimekaa katikati ya watu miaka yote hii nikiwa mpweke kuliko Ngeti, ambaye angalau alijua anachukiwa kwa kosa asilolitenda. Mama yako alifariki akinijua nusu. Nilikuwa nataka kumwambia pale hospitalini, lakini alikuwa ananishika mkono huu huu na nikashindwa.

Na bado kuna moja, na hili ndilo linaloniuma zaidi.

Ulipokuwa na miaka sita ulipata homa. Hospitali walikuchoma sindano, homa ikashuka, ikapanda tena. Nyanya yako akateremka kutoka mlimani, akakushika kipaji cha uso, akasema, "Dawa apewe, sikatai. Lakini kuna mtu ana moyo mzito na nyumba hii. Waitwe wote." Alitaka kutasa, kama wazee wetu walivyofanya: kila mtu anatia maji kinywani, anayatema kwa kuyanyunyiza, na kusema mbele ya wote kwamba kama ana hasira na yeyote pale, anaitoa, isimdhuru mgonjwa. Mama yako, mtu wa kanisa, alisema hayo yamepitwa na wakati. Siku ya tatu ya homa alikwenda mwenyewe kuchota maji.

Na Ngeti akaja. Sijui nani alimpelekea habari. Alikuja kutoka Makwasinyi, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, viatu mkononi, akaingia kwenye kikao ambacho nusu ya watu hawakutaka kumpa kiti. Zamu yake ilipofika alichukua kata ya maji, akatia kinywani, akatema, akasema, "Mimi Ngeti, kama nina hasira na mtu wa nyumba hii, naitoa leo. Isimguse huyu mtoto. Alale, aamke, ale." Kisha akanipa kata.

Nikatia maji kinywani, nikayatema, nikasema, "Mimi sina hasira na mtu."

Ilikuwa kweli, Wakesho. Kutasa kunamwuliza mtu hasira, na mimi hasira sikuwa nayo. Nilikuwa na kosa. Nilipita kwenye mwanya huo kama panya, mbele ya mama yako, juu ya kitanda chako. Nyanya yako alinitazama muda mrefu, kisha akasema haya, imetosha. Wewe ulipona. Daktari alisema ni sindano, nyanya yako akasema ni maji. Mimi najua tu kwamba yule niliyemharibia jina alitembea kilomita zote zile kuja kukuombea ulale, akarudi kwao siku hiyo hiyo bila hata kula. Maharage yalikuwepo. Hakuna aliyempakulia.

Sasa unakwenda kukaa upande ule wa meza ambao mimi sikuwahi kukaa. Utakuwa na mafaili ya watu. Siku moja utaletewa barua uipige taipu, inayosema mtu fulani alikuwa amelewa. Sikwambii uitupe. Mimi ni nani wa kukwambia hivyo? Nyundo yangu nilipewa na watu mia kadhaa na ilinishinda asubuhi ya kwanza. Labda utaipiga barua hiyo, kwa kuwa utakuwa na kodi ya nyumba na utakuwa mgeni na peke yako. Ila naijua saa moja itakayokuja, maana ilinijia. Mkubwa atapita kwenye meza yako na atakuita kwa jina lako lote, vizuri, kama mtu aliyejifunza. Atamuulizia baba yako. Utafurahi, na si dhambi kufurahi. Nakuomba tu usinyanyue mkono mpaka furaha hiyo ipoe.

Na ukikosea, na hutaweza kukaa miaka yote huko bila kukosea, usikubali mtu mwingine ashike nyundo yako. Mimi niliogopa kuchukiwa wiki moja, nikanunua miaka kumi na mitano ya kupendwa bure. Nakuapia, ile wiki moja ingekuwa imekwisha zamani.

Ngeti yuko hai. Dereva wa lori la mahindi ananiambia macho yake yameingia ukungu, na kwamba ndovu wamemmalizia shamba mara mbili mwaka huu. Lori hilo huenda Kasigau Alhamisi. Nitakwenda nalo. Sitasema naye pembeni, nimeshapanga hivyo. Nitamwomba aite watoto wake na majirani, ndipo niseme. Halafu Jumapili nitasimama pale pale uliposimama wewe, Mama Chao akiwa kwenye benchi lake la tatu. Huyo ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Alipiga makofi sana.

Nyanya yako nadhani anajua. Tangu siku ile ya maji hajawahi kunisifu.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niifiche sandukuni, chini kabisa, katikati ya zile nguo ulizopigiwa pasi na shangazi yako, uikute umeshafika mbali na huwezi kurudi. Nilikwisha fungua hata sanduku. Mkono ukiwa ndani, nikajiona: naupiga mlio halafu nakimbilia nyuma ya stoo. Nimekuwa mzee na bado ni yule yule.

Kwa hiyo nimelifunga sanduku na nimerudi kukaa. Nakusikia unateremka njia, hakuna mwingine Voi nzima mwenye viatu vya kelele hivyo. Utaingia, utaniuliza kwa nini sijawasha jiko. Nitakupa karatasi hizi mkononi mwako, na nitakaa hapa, kwenye kiti hiki, mpaka umalize kusoma na unitazame.

Baba yako,
Mwadime, aliyekuwa mpiga reli